Kazi ya shule, hoki kwenye runinga na chakula cha jioni na marafiki: mwongozo kamili wa wikendi moja

Wanaokwama hukwama palepale. Jumamosi asubuhi inapita kwa "nitaanza baadaye kidogo", mchana unamezwa na maandalizi ya wageni, usiku mechi inaanza, na daftari linakuja kufunguliwa Jumapili saa tatu usiku macho yakiwa mazito. Muda ulikuwepo. Tatizo ni kwamba mechi ina saa yake na wageni wana saa yao, lakini kazi ya shule haikupewa saa, kwa hiyo kila kitu kinaisukuma.

Hapa tunaipa saa. Mfano tutakaoutumia ni wa mwanafunzi mwenye kazi tatu: insha ya maneno 1,000, maswali 20 ya hesabu, na sura ya kurasa 30 ya kusoma na kuandikia muhtasari. Mechi ni Jumamosi saa 2:00 usiku (20:00), na wageni ni watano, kwa hiyo mtakula sita. Mechi yako ikiwa siku nyingine, hamisha saa lakini usibadilishe mpangilio wa hatua.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya Ijumaa usiku

Vya kazi ya shule
- Maelekezo ya kila kazi, yakiwa yameandikwa. "Nadhani alisema ukurasa wa 40" hayatoshi.
- Vitabu na faili zote, zimepakuliwa kwenye kompyuta au simu.
- Karatasi moja tupu ya ratiba, kalamu, na saa ya kuhesabu dakika. Saa ya jikoni ni bora kuliko simu, na sababu utaiona hatua ya 4.

Vya mechi
- Chaneli au programu itakayoonyesha mechi, ikiwa imejaribiwa.
- Nafasi ya kurekodi, kama dikoda yako inarekodi.

Vya chakula cha watu sita
- Maharage makavu gramu 500
- Mchele gramu 600, yaani vikombe 3 vya mililita 250
- Vitunguu maji 2 vikubwa, vitunguu saumu punje 4, nyanya 4 zilizoiva
- Mafuta vijiko 3 vya chakula, chumvi
- Kabichi nusu na karoti 3 za saladi
- Sufuria mbili zenye vifuniko vinavyokaa vizuri, moja yake ya lita 4 au zaidi

Tumechagua maharage na wali kwa makusudi. Ni chakula kinachojipika kwa muda mrefu bila kushikwa mkono, na mchuzi wake hauharibiki ukisubiri nusu saa. Chapati, viazi vya kukaanga na chochote kinachotaka kugeuzwa kila dakika kiachie wikendi nyingine.

## Hatua ya 1: Hakikisha saa ya mechi (dakika 10, Alhamisi au Ijumaa)

Hapa ndipo wengi hupotea kabla hata hawajaanza. Ratiba za hoki hutangazwa kwa saa za mahali mechi inapochezwa. Mechi ya NHL (ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada) iliyoandikwa saa 19:00 kwa saa za mashariki mwa Marekani na Kanada ni saa 0:00 UTC (saa ya kimataifa ya kulinganishia) majira ya baridi, na saa 23:00 UTC wanapokuwa wamesogeza saa mbele. Kwa maneno mengine, mechi ya Jumamosi kwao inaweza kuwa ya Jumapili kwako.

Marekani na sehemu kubwa ya Kanada husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Nchi za Umoja wa Ulaya hufanya hivyo Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo kuna wiki chache za Machi na karibu wiki moja ya vuli ambapo tofauti ya saa uliyoizoea inakudanganya kwa saa nzima.

Halafu kuna mtego wetu wenyewe. Mtu akikwambia "mechi ni saa mbili", muulize: saa mbili ya Kiswahili, au 2 iliyoandikwa kwenye skrini? Andika saa zote mbili kwenye karatasi: *saa 2:00 usiku (20:00)*. Fanya vivyo hivyo kwenye ujumbe wa mwaliko.

Sasa hesabu mechi itaisha lini. Hoki ya barafuni ina vipindi 3 vya dakika 20, na saa ya mchezo husimama kila refa anapopuliza filimbi. Katika NHL kila kipindi kina mapumziko matatu mafupi ya matangazo, na kati ya vipindi kuna mapumziko ya takriban dakika 18. Ukijumlisha, kipindi kimoja huchukua kama dakika 35 hadi 40 za saa ya ukutani, na mechi nzima kama saa mbili na nusu. Mechi ya saa 2:00 usiku itaisha karibu saa 4:30 usiku.

Sare hubadilisha hesabu. Katika msimu wa kawaida wa NHL huongezwa dakika 5, wachezaji watatu kwa watatu bila kuhesabu makipa, kisha penalti za kuamua. Hiyo ni kama robo saa ya ziada. Lakini hatua ya mtoano ni kitu kingine kabisa: huongezwa kipindi kizima cha dakika 20, kisha kingine, kisha kingine, mpaka mtu afunge. Mechi ya mtoano usiipangie saa ya kwisha.

Kama unachotazama ni hoki ya nyasi, yaani mpira wa magongo, mambo ni mepesi zaidi. Ni robo 4 za dakika 15, na kwa mechi za kimataifa kuna mapumziko ya dakika 2 baada ya robo ya kwanza na ya tatu, na dakika 10 katikati. Weka saa moja na nusu, inatosha.

Umefanikiwa ukiwa na: mstari mmoja kwenye karatasi wenye siku, saa ya kuanza kwa namna zote mbili, na saa ya kwisha pamoja na nusu saa ya akiba.

## Hatua ya 2: Pima kazi kwa dakika (Ijumaa alasiri, dakika 30)

"Nina kazi nyingi" si kipimo. Fungua kila kazi na uiandikie dakika. Kwa hesabu, usikisie: fanya maswali mawili ya mwanzo huku saa ikihesabu. Yakichukua dakika 10, basi 20 yatachukua kama dakika 100. Maswali ya mwisho huwa magumu zaidi kuliko ya mwanzo, ila akiba tutakayoweka itayabeba.

Kwa kusoma na kuandika muhtasari, hesabu dakika 3 kwa ukurasa. Kurasa 30 ni dakika 90.

Insha igawanye mara tatu, kwa sababu ni kazi tatu zilizovaa jina moja: mpango dakika 40, rasimu dakika 120, marekebisho dakika 60.

Jumla: 100 + 90 + 220 = dakika 410. Ongeza robo yake kwa ajili ya yale usiyoyaona sasa, upate kama dakika 512. Robo hiyo si anasa. Swali moja litakugomea, faili moja halitafunguka, na sura ya kusoma itakuwa na jedwali la kurasa mbili linalotaka kutafakariwa.

Onyo: ukiona jumla imezidi dakika 600, wikendi yenye mechi na wageni haitoshi. Punguza kimoja Ijumaa, wakati bado unaweza kuwaambia watu. Kufuta mwaliko Jumamosi saa kumi jioni ni kuharibu vyote viwili.

## Hatua ya 3: Chora ratiba kuanzia vitu visivyosogea

Anza na mechi. Kisha chakula, kiwe saa moja na nusu kabla ya mechi. Kisha usingizi. Kilichobaki ndicho cha kazi ya shule. Kwa mfano wetu:

- Ijumaa saa 11:00 hadi 12:30 jioni: vipande 2 vya dakika 40. Upimaji wa hatua ya 2 na maswali mawili ya majaribio. Kisha mpango wa insha.
- Jumamosi saa 3:00 asubuhi hadi 6:30 mchana: vipande 4 vya dakika 45, na pumziko la dakika 10 kati yake. Vitatu vya rasimu ya insha, kimoja cha hesabu.
- Jumamosi saa 7:30 mchana hadi 9:00 alasiri: vipande 2 vya dakika 40. Hesabu zilizobaki, kisha mwanzo wa kusoma.
- Jumapili saa 3:00 hadi 5:35 asubuhi: vipande 3 vya dakika 45. Marekebisho ya insha, kumaliza kusoma.
- Jumapili saa 9:00 alasiri: kipande 1 cha dakika 45, cha akiba.

Vipande hivyo vina dakika 520 za kazi halisi, bila kuhesabu mapumziko. Zimetosha.

Angalia mahali rasimu ilipokaa. Kazi inayotaka kichwa kizima iko Jumamosi asubuhi, kabla jikoni hapajawaka na kabla simu haijaanza kuita. Marekebisho yako Jumapili kwa sababu makosa yako mwenyewe huyaoni siku uliyoyaandika. Yakilaliwa usiku mmoja yanajitokeza. Na hesabu zimewekwa mchana kwa kuwa unaweza kuziacha kwenye swali la tisa ukarudi kwenye la kumi, jambo ambalo insha haikubali.

Baada ya mechi hakuna kitu. Si kipande kifupi, si "nitapitia kidogo". Mechi ya kusisimua inakuacha macho makavu lakini akili imetawanyika, na saa tano usiku utasoma aya moja mara nne. Atakayeandika kazi hapo anajidanganya kwa kalamu.

## Hatua ya 4: Jumamosi asubuhi, rasimu kabla ya yote

Simu ikae chumba kingine. Ndiyo maana tulitaka saa ya jikoni: ukitumia simu kuhesabu dakika, utaishika kila dakika 45, na siku ya mechi huwezi kuishika bila kuona kikosi, majeruhi, na ubishi wa marafiki.

Andika rasimu kwa kufuata mpango wa Ijumaa, aya kwa aya, bila kurudi nyuma kusafisha. Pasipo na takwimu au nukuu, weka alama ya XX na uendelee. Kutafuta nukuu moja kwenye intaneti katikati ya aya kunaweza kula kipande kizima, na huyo ndiye mwizi mkubwa wa Jumamosi.

Lengo kwa vipande vitatu ni maneno 900 hadi 1,100 mabaya. Mabaya yanatosha. Ukimaliza kipande cha pili ukiwa chini ya maneno 400, kwa kawaida mpango ndio wenye kasoro: hoja ni chache, au mbili ni ileile imerudiwa. Tumia dakika 10 kuongeza hoja kwenye mpango, ndipo uandike tena.

Kipande cha nne ni cha hesabu, maswali 9 kwa kasi tuliyoipima. Swali likizidi dakika 10, lizungushie duara uruke.

Umefanikiwa ikiwa: saa 6:30 mchana rasimu ina mwanzo, kati na mwisho, hata kama ina XX kumi.

## Hatua ya 5: Chakula kinachojipika ukiwa unasoma

Kazi ya jikoni ilianza Ijumaa usiku: chagua mawe, osha maharage, loweka kwenye maji mengi, mara tatu ya ujazo wake. Yalale angalau saa 8, mpaka mchana wa Jumamosi. Kama chumba kina joto, loweka kwenye friji, la sivyo yataanza kuchacha na kutoa povu.

Saa 7:00 mchana. Mwaga maji ya kulowekea. Weka maji mapya yanayopita maharage kwa sentimita 5. Washa moto mkubwa na yachemke kwa nguvu, mapovu yakipanda, kwa dakika 10 kamili. Hatua hii haina mjadala, hasa kwa maharage mekundu: yakiwa mabichi au yakipikwa kwa joto la chini tu yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuhara, na mchemko mkali ndio unaoiharibu. Chungu cha umeme cha kupikia polepole hakifiki joto hilo kwa uhakika, kwa hiyo chemsha kwanza kwenye sufuria ya kawaida.

Saa 7:15. Punguza moto, funika ukiacha upenyo mdogo, nenda kakae mezani. Maharage yaliyolowekwa huiva kwa dakika 60 hadi 90. Pumziko lako la dakika 10 saa 8:10 ndilo la kuangalia maji. Yakipungua ongeza ya moto. Kengele ya jikoni ikae mezani kwako na usivae vipokea sauti masikioni. Sufuria iliyoungua haina siri, nyumba nzima itajua kabla yako.

Usitie nyanya mapema. Uchachu wake huzuia maharage kulainika, nawe utabaki unaongeza maji mpaka wageni wabishe hodi. Kama yamechemka dakika 90 bila nyanya na bado ni magumu, yalikuwa ya zamani sana ghalani. Ongeza nusu saa na uvumilie.

Saa 9:00 alasiri. Kaanga vitunguu kwa moto wa wastani dakika 8 hadi 10 mpaka viwe vya dhahabu, tia vitunguu saumu dakika moja, kisha nyanya zilizokatwa mpaka zivurugike na mafuta yajitenge pembeni. Mimina maharage na maji yake kidogo, tia chumvi vijiko 2 vya chai, yatokote dakika 15. Onja. Ponda kijiko kimoja au viwili vya maharage kwenye ukingo wa sufuria ili mchuzi uwe mzito.

Uache mchuzi kwenye moto mdogo kabisa mpaka wageni wafike, au, kama jiko hutaki liendelee kuwaka, upoze haraka uweke kwenye friji na uuchemshe tena kabla ya kula. Usiuache juu ya meza uvuguvugu kwa zaidi ya saa mbili. Joto la kati ndilo vijidudu hulipenda.

Saa 11:40 jioni, wali. Osha mchele mpaka maji yawe karibu safi. Vikombe 3 vya mchele, vikombe 4 na nusu vya maji, chumvi kijiko 1 cha chai. Yakichemka, funika, shusha moto mpaka mwisho, dakika 15. Zima. Uache dakika 10 bila kufunua. Anayefunua kila mara anapoteza mvuke, na chini patashika huku juu pakibaki na kiini.

Saladi ikate wakati wali umepumzika, na uitie chumvi mezani, si kabla, ili kabichi isitoe maji.

## Hatua ya 6: Wageni na saa zao

Ujumbe wa mwaliko utume Ijumaa, nao utaje mambo manne: saa ya kula, saa ya mechi, saa ya kwisha, na nani analeta nini. Kwa mfano:

*Jumamosi kwangu. Tunakula saa 12:30 jioni (18:30), mechi saa 2:00 usiku (20:00), saa 5:00 usiku tumemaliza. Kuna asiyekula kitu fulani? Wawili walete matunda, wawili vinywaji, mmoja bisi.*

Saa ya kula na saa ya mechi zitaje kando kando. Ukiandika "njooni kuangalia mechi saa mbili", watafika saa mbili na robo wakiwa na njaa, nawe utapakua chakula wakati bao la kwanza linafungwa. Hoki ya barafuni haina huruma hapo. Mashambulizi hubadilika kwa sekunde, na aliyeinama kuchota wali atainuka akikuta wenzake wamesimama.

Saa 12:30 ikifika, pakua na waliopo. Wa kuchelewa wawekee chakula pembeni, kikiwa kimefunikwa.

Vyombo vioshwe kabla ya mechi, watu wawili, dakika 15. Wengi hawapendi kuwaagiza wageni, lakini rafiki akipewa kitambaa cha kukaushia huona amekaribishwa zaidi kuliko aliyeachwa kochini.

## Hatua ya 7: Kutazama mechi bila kuvuruga kesho

Saa 1:40 usiku washa runinga na ufike kwenye chaneli yenyewe. Programu za kutazamia hupenda kuomba nenosiri au kujisasisha dakika tano kabla ya kuanza.

Zimeni arifa za matokeo kwenye simu zote. Matangazo yanayopita kwenye intaneti huchelewa nyuma ya uwanja, mara nyingi nusu dakika au zaidi, kwa hiyo simu itapiga kelele ya bao wakati kwenye skrini mchezo bado uko katikati ya uwanja.

Mapumziko ya dakika 18 yana matumizi mawili mazuri: bisi na matunda, au kupanga begi la Jumatatu. Usijaribu hesabu. Unahitaji dakika tano kutulia na tano nyingine kukumbuka ulikuwa wapi, na wakati huo wachezaji wanarudi barafuni. Wali mwingine nao hautaiva: kuchemka, dakika 15 na kupumzika 10 ni zaidi ya pumziko lenyewe.

### Kama mechi iko katikati ya usiku

Kuamka saa tisa usiku kutazama mechi kunaua vipande vya Jumapili asubuhi, na hapo hakuna ujanja. Rekodi, kisha ihamishe jioni ya wageni iwe ya Jumapili, baada ya kipande cha akiba. Weka kurekodi kuzidi saa iliyopangwa kwa dakika 60 angalau, kwa mtoano dakika 120. Dikoda nyingi hukata saa ya ratiba ikifika, na kukatwa dakika mbili kabla ya mwisho kunauma kuliko kufungwa.

Rekodi ina faida hata kwa mechi ya jioni, kama dikoda inakubali kutazama huku ikiendelea kurekodi. Mapumziko mawili ya dakika 18 ni dakika 36. Matangazo tisa ya dakika 2 ni dakika 18 nyingine. Jumla 54. Ukianza kutazama dakika 50 baada ya mechi kuanza na kuruka yote hayo, utaifikia mechi yenyewe karibu na filimbi ya mwisho na kumaliza pamoja na dunia. Umepata kipande kizima cha kusoma bila kupoteza bao. Sharti ni moja: mote chumbani asiwepo mwenye simu iliyo wazi. Kwa hoki ya nyasi ujanja huu hauna maana, kwani mapumziko yote ni dakika 14.

## Hatua ya 8: Mabaki, kisha kitanda

Wali uliobaki utandaze kwenye sahani pana mara tu mnapomaliza kula, upoe haraka, na uingie kwenye friji ndani ya saa moja. Usingoje mwisho wa mechi. Wali uliokaa nje kwa saa nne huota vijidudu vinavyotoa sumu isiyokufa hata ukipasha moto, na tumbo la kuuma Jumapili halijui ratiba. Ule kesho yake, ukipashwa mpaka utoe mvuke, mara moja tu. Maharage yanakaa kwenye friji siku mbili au tatu.

Wageni wakiondoka, weka mezani vitu vya asubuhi: rasimu iliyochapishwa au iliyofunguliwa, kalamu nyekundu, kitabu kwenye ukurasa ulioishia. Dakika tatu. Alamu saa 2:00 asubuhi.

## Hatua ya 9: Jumapili, kumaliza na kukabidhi

Soma rasimu kwa sauti. Sentensi inayokukata pumzi igawe. Kisha jaza XX zote. Tafuta herufi hizo kwenye faili ili isisalie hata moja, maana mwalimu atakayeikuta hatacheka. Mwisho angalia idadi ya maneno na majina ya vyanzo.

Maswali yaliyozungushiwa duara yajaribu tena sasa. Mengi hufunguka asubuhi. Lisilofunguka kwa dakika 10, andika ulipofika na kilichokuzuia. Mara nyingi hatua sahihi zina alama zake.

Kabidhi kwenye kipande cha akiba, alasiri. Usisubiri dakika ya mwisho. Tovuti ikisema 23:59 ni saa 5:59 usiku wa siku hiyohiyo. Ikisema 00:00 ya Jumatatu, huo ni usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu. Wanaosoma "Jumatatu" wakapanga kukabidhi Jumatatu jioni hukuta mlango umefungwa.

Baada ya kupakia, pakua faili ulilokabidhi, lifungue, angalia ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Kosa la kawaida kabisa ni kupakia rasimu ya Jumamosi kwa sababu mafaili mawili yana jina moja. Lipe la mwisho jina lenye neno *mwisho* na tarehe, na ile rasimu ihamishe kwenye folda nyingine.

## Mambo yakiharibika

Rasimu haijaisha Jumamosi saa 6:30 mchana. Endelea nayo kwenye vipande vya alasiri na usogeze hesabu Jumapili. Usiguse muda wa chakula wala usingizi.

Mechi imekwenda muda wa nyongeza usioisha. Weka ukomo mapema, kwa mfano saa 5:30 usiku, kisha rekodi iendelee. Jumapili asubuhi usifungue simu mpaka umalize vipande vitatu.

Wageni wameongezeka wawili mlangoni. Mchuzi unavumilia: ongeza kikombe kimoja cha maji ya moto na chumvi kidogo. Wali ndio hauvumilii, kwa hiyo pika kikombe kimoja kwenye sufuria ndogo, maji kikombe 1 na nusu, dakika zilezile 15 na 10. Wa kwanza waanze na saladi.

Picha inakatika kila dakika. Shusha ubora wa picha ngazi moja na uwaombe wageni watoe simu zao kwenye intaneti ya nyumba. Simu sita zikipakia video kwa pamoja ndizo huwa zinaimeza.